Bata Mwitu wa Bonde la Kilombero: Jinsi ya Kuwatambua na Kuishi Nao

Ukitaka kuwajua bata mwitu wa Bonde la Kilombero, usianze na rangi. Vitabu vya ndege vimejaa picha za rangi, na mtu akirudi kutoka mtoni huulizwa kwanza, "Alikuwa wa rangi gani?" Lakini bondeni jua ni kali, maji yanang'aa, na bata aliye mita mia mbili mbele yako huonekana kama kivuli tu. Isitoshe, kuna aina ambazo dume na jike hawafanani hata kidogo, na kuna madume ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka huvaa manyoya ya kahawia kama ya jike. Jiulize badala yake mambo ambayo hata kivuli kinaweza kukujibu: yuko wapi hasa, amekaaje, analia vipi, na sasa ni saa ngapi. Ukizoea kuuliza hivyo, mara nyingi utakuwa umeshamjua ndege wako kabla ya kuinua darubini.

Nimelichagua Kilombero kwa sababu ni miongoni mwa mabonde makubwa ya mafuriko ya maji baridi katika Afrika Mashariki, na kwa sababu watu wanalima, wanavua na wanachunga humo humo ndege wanamoishi. Bonde liko mkoani Morogoro, limekaa kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na vilima vya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Vijito visivyo na idadi hushuka kutoka pande zote mbili na kuulisha Mto Kilombero, ambao peke yake huupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Hata hivyo, ukiwa Malagarasi, Usangu, kwenye delta ya Mto Tana au kando ya majaruba ya Mwea na Ahero nchini Kenya, mengi nitakayosema yatakufaa, kwa kuwa wengi wa bata hawa hawakai mahali pamoja.

Kwanza lijue bonde lenyewe linavyobadilika. Mvua huanza kunyesha mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Mei. Kufikia Machi na Aprili mto umekwisha kuvunja kingo zake, na nyika yote ya majani imegeuka kuwa ziwa lisilo na kina. Wakati huo bata wapo, tena wengi wanataga, lakini wametawanyika kila mahali kwenye majani marefu na usafiri ni wa shida. Maji yakianza kupungua Juni, ndege nao huanza kukusanyika. Septemba na Oktoba maji yamebaki kwenye mkondo mkuu, kwenye vipande vya mto wa zamani vilivyokatika, na kwenye mabwawa machache ya kudumu. Hapo ndipo mgeni anapoweza kuona mamia ya bata asubuhi moja. Kama una safari moja tu kwa mwaka, nenda kati ya Agosti na katikati ya Novemba. Ukiweza mbili, rudi Januari, maana wageni kutoka Ulaya na Asia wanakuwa bado wapo.

Mji wa kuanzia ni Ifakara. Unafikika kwa barabara kutoka Mikumi kupitia Kidatu na Mang'ula, au kwa treni ya TAZARA, ambayo hukata kandokando ya bonde hadi Mlimba na kukupa dirisha zuri la kutazamia. Kutoka Ifakara, barabara ya kwenda Lupiro huvuka mto mahali ambapo zamani watu walivushwa kwa kivuko. Sasa kuna daraja, na pembezoni mwake pana mahali pazuri pa kusimama alfajiri. Lakini kuona kwa kweli kunataka mtumbwi. Tafuta mvuvi wa hapo, ikiwezekana mzee wa kabila la Wandamba aliyekulia majini, mwamkie, mweleze shabaha yako, mkubaliane malipo kabla ya kushuka ufukweni. Yeye ndiye anayejua kiboko analala wapi. Akisema tusipite njia hii, msipite, na usimshawishi abadili mawazo kwa ajili ya picha. Kiboko na mamba wa mto huu wanaua watu. Usitembee majini pekupeku pia, hasa kwenye maji yaliyotulia kando ya vijiji, kwa sababu ya kichocho.

Vifaa havihitaji gharama kubwa. Darubini ya macho mawili yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha, na ni bora kuliko ya mara 12 ambayo mtumbwini hutikisika mpaka usione kitu. Chukua daftari na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe, Birds of East Africa, kimeandikwa kwa Kiingereza, ila michoro yake haihitaji lugha. Panga safari ili jua liwe mgongoni mwako, na uwe umeshafika saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa nne joto hutetemesha hewa juu ya maji, na bata wengi huwa wamekwisha kuingia vivulini.

Majina ya ndege hawa hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo nitawaita kwa alama inayoonekana, nami nitataja jina la kisayansi mara moja ili uweze kumtafuta popote.

Tuanze na yule utakayemsikia kabla ya kumwona. Bata wa mluzi mwenye uso mweupe, Dendrocygna viduata, halii kama bata wa nyumbani hata kidogo. Hupiga mluzi mwembamba wa sauti tatu, wa mwisho ukishuka, na kundi likiruka gizani utadhani ni watoto wanaitana kutoka ng'ambo ya mto. Mchana utawakuta wamesimama kwenye ukingo wa matope au kisiwa cha mchanga, wima kabisa, shingo ndefu na miguu mirefu, wamebanana mstari mmoja na wote wanatazama upande mmoja. Msimamo huo wa wima, pamoja na mluzi, unatosha kukuhakikishia. Ukipata mwanga, utaona uso mweupe, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya kahawia iliyoiva na mbavu zenye mistari myembamba. Dume na jike wanafanana kabisa. Ajabu ni kwamba ndege huyu huyu anaishi pia Amerika Kusini, ng'ambo ya Atlantiki.

Kaa nao muda. Watazame wawili wakichambuana manyoya ya shingo na kichwa, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Huo ndio uhusiano unaowashikanisha, kwani katika jamii hii ya bata baba hamwachi mama na mayai. Wote wawili huatamia na wote wawili hulea. Mchana ni wakati wao wa kupumzika. Jua likizama mluzi unaanza, kisha kundi baada ya kundi huinuka na kwenda kula, na hula usiku kucha: mbegu za majani, mizizi, konokono na wadudu wa majini. Kwa hiyo mtu anayewahesabu mchana mahali walipolala asidhani amejua wanakula wapi. Penye malisho huenda ni mbali kabisa, na mara nyingi ni jaruba la mpunga la mtu.

Ndugu yake, bata wa mluzi wa hudhurungi, Dendrocygna bicolor, huchanganyika naye kundini. Mwili wake wote ni wa rangi ya mkate uliookwa vizuri, una michirizi ya rangi ya maziwa ubavuni, na akiruka huonyesha mkanda mweupe mgongoni juu kidogo ya mkia. Uso hauna weupe. Huyu hupenda mashamba ya mpunga kuliko karibu bata wote wengine, nalo ni jambo nitakalolirudia kwa sababu mkulima anastahili kujibiwa.

Sasa wakubwa. Juu ya nyika, asubuhi, ukiona ndege wakubwa weusi wanapita kwa mstari mrefu na mabawa yao yanasikika yakikata hewa, tazama tumbo na ukingo wa mbele wa bawa. Kama ni weupe, huyo ni bata bukini mwenye mwiba, Plectropterus gambensis, ndege mkubwa kuliko bata wote wa Afrika. Dume hufika kilo sita na hata kuzidi. Mdomo wake ni mwekundu, ngozi ya uso nayo ni nyekundu na haina manyoya, na kwenye kiungo cha bawa ana mwiba mgumu wa kupigania. Ajabu ni sauti yake: kwa mwili wote huo, hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza kama wa mtu anayehema. Mara nyingi hutamkuta majini. Hula majani nchi kavu, alfajiri na jioni, kama mbuzi.

Kuhusu nyama yake niseme neno moja zito. Huko Gambia imethibitishwa kwamba bata bukini hawa wakila aina ya mende wenye sumu, nyama yao huwa na sumu hiyo hiyo, na kuipika hakuiondoi. Sumu inaitwa cantharidin na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua mtu. Haina maana kwamba kila bata bukini wa Kilombero ana sumu, lakini ndege aliyekula kisichojulikana si kitoweo cha kubahatisha.

Bata kinundu, Sarkidiornis melanotos, huchanganywa na watu wengi na huyo bata bukini mwenye mwiba kwa sababu naye ni mkubwa na mweusi kwa juu. Angalia kichwa. Kinundu ni mweupe kichwani na shingoni, na weupe huo umenyunyiziwa vidoa vyeusi. Kifua na tumbo navyo ni vyeupe. Dume ana kinundu kikubwa cheusi juu ya mdomo, ambacho huvimba zaidi majira ya kuzaa. Jike hana kinundu, tena ni mdogo kwa dume kiasi kwamba ukiwaona pamoja unaweza kuapa ni aina mbili tofauti. Si ajabu kumkuta dume mmoja na majike wawili au zaidi. Ni ndege wa kimya, na anafuata mvua: leo wapo mia, wiki ijayo hakuna hata mmoja, wameshahamia mamia ya kilomita kutafuta madimbwi mapya.

Kinundu hataki kiota cha chini. Hutaga ndani ya tundu la mti, na vifaranga wakishaanguliwa huruka chini wenyewe kutoka juu huko kumfuata mama yao majini. Tundu la kumtosha ndege wa ukubwa huo halipatikani kwenye mti mchanga. Linataka mti mzee, ulioliwa na mchwa au uliovunjika tawi miaka mingi iliyopita. Kila mti mzee wa ukingoni unaokatwa kwa mkaa au kwa kupanua shamba ni nyumba inayoondoka, na mti uliopandwa leo hautakuwa na tundu hilo katika maisha ya aliyeupanda. Kama una shamba kando ya maji na ndani yake umebaki mti mmoja mzee wenye tundu, nakuomba uuache. Hauzidi nafasi ya magunia mawili ya mpunga.

Anayetegemea matundu hayo pia ni yule ninayempenda kuliko wote, bata mdogo wa yungiyungi, Nettapus auritus. Uzito wake haufiki gramu 300. Mtafute penye maji tulivu yaliyofunikwa na majani ya yungiyungi, na popote pengine usijisumbue, kwa maana chakula chake kikuu ni mbegu za yungiyungi zenyewe. Dume ana uso mweupe, mdomo wa manjano, doa la kijani kibichi nyuma ya shavu lililozungushiwa weusi, na mbavu za rangi ya machungwa. Licha ya mapambo yote hayo, atakupita. Hukaa kimya kati ya majani, na mtumbwi ukimkaribia huzama shingo badala ya kuruka. Zima mazungumzo, mwambie mvuvi aweke upondo chini, na utazame majani yaleyale kwa dakika kumi. Ndipo "jani" moja litakapogeuza kichwa.

Kwenye mabwawa hayo hayo kuna bata mgongo mweupe, Thalassornis leuconotus, ambaye jina lake halimsaidii mtazamaji, kwa sababu mgongo huo mweupe huonekana akiruka tu, na yeye hapendi kuruka. Anakaa chini sana majini, kichwa kikubwa, mgongo umepanda katikati kama kilima, mkia umezama. Doa jeupe kwenye shina la mdomo ndilo la kushika. Huzamia kutafuta chakula na kuibuka mbali na ulipomtegemea.

Bata bukini wa Misri, Alopochen aegyptiaca, hahitaji maelezo marefu. Ana doa la kahawia kuzunguka jicho kama amevaa miwani, doa jingine kifuani, na mabaka makubwa meupe ya bawa akiruka. Hutembea wawili wawili, dume akilia kwa kuzomea kikavu na jike akipiga kelele za kukatakata, na hawaogopi mtu. Hutaga popote: kwenye tundu, chini ya kichaka, hata juu ya kiota kikubwa cha vijiti cha fundichuma. Wamisri wa kale walimchora makaburini mwao. Aliyepelekwa Ulaya kupamba bustani alitoroka na kuzaana mpaka mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamweka kwenye orodha ya viumbe vamizi. Kwetu yuko kwao.

Bata wadogo wa kahawia huwachanganya hata wenye uzoefu. Wawili wa hapa wana kofia nyeusi kichwani na shavu la rangi nyepesi, kwa hiyo tazama mdomo. Mdomo mwekundu ni Anas erythrorhyncha, mdomo wa samawati ni Spatula hottentota, na huyu wa pili ni mdogo zaidi na ana doa jeusi nyuma ya shavu. Ukimwona mwenye mdomo wa manjano mkali, Anas undulata, yaelekea uko nyanda za juu, kwani huko ndiko kwao hasa.

Kisha kuna mgeni, Spatula querquedula, anayezaliana kuanzia Ulaya hadi mashariki ya Asia na kuja kwetu kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili. Akifika, dume na jike wote ni wa kahawia yenye madoa, na mistari ya usoni ndiyo inayowatofautisha na wenyeji. Subiri hadi Februari. Dume huwa amevaa upya, na juu ya jicho hadi kisogoni ana mchirizi mweupe mpana usioweza kufananishwa na wa bata yeyote wa Kilombero. Akiruka huonyesha bega la kijivu-samawati. Fikiria ndege wa gramu 400 hivi aliyekula wadudu kwenye bwawa la nyasi huko Urusi, na sasa anakula mbegu Ifakara.

Watu wengi huniuliza kuhusu wale bata weupe wakubwa wenye shingo iliyopinda wanaoonekana kwenye kadi na filamu za Ulaya. Hawapo porini popote Afrika kusini ya Sahara. Ukiona ndege mkubwa mweupe akielea Kilombero, huyo ni mwari, na mfuko ulio chini ya mdomo wake utakuthibitishia. Wengine wanaodhaniwa kuwa bata ni mnandi, ambaye mdomo wake una ncha iliyopinda na hukausha mabawa akiwa ameyatandaza. Kibisi, mdogo wa mviringo asiye na mkia, anayezamia kila dakika. Na kukuziwa, mweusi, anayetikisa kichwa akiogelea na mdomo wake ni wa kuku. Bata ana mdomo mpana uliobapa. Bata mdogo wa yungiyungi tu ndiye mwenye mdomo mfupi kiasi cha kukutia shaka.

Sasa mkulima. Mtu aliyekopa fedha za mbegu na trekta hawezi kuambiwa apende bata wanaokula mbegu hizo usiku. Hasara ipo kweli, lakini ina wakati wake, na kuujua wakati huo ni nusu ya kinga. Bata wa mluzi huharibu zaidi siku za kwanza baada ya kumwaga mbegu, hasa jaruba likiwa na maji, kwa sababu wao hutua majini na kuchuja mbegu kwenye tope. Kwa hiyo ukimwaga mbegu, toa maji ya juu na uache tope tupu mpaka mche uote na kushika. Bora zaidi ni kupandikiza miche iliyokuzwa kitaluni, maana kitalu kidogo unaweza kukilinda kwa wavu au kwa mtu mmoja, na mche uliokwisha kushika mizizi haumvutii bata kama mbegu. Majirani mkubaliane kupanda wiki moja. Shamba lililotangulia peke yake hubeba ndege wa bonde zima, na lililochelewa vivyo hivyo.

Kuamia mchana hakusaidii dhidi ya ndege anayekula usiku. Kama una dungu, usiku huo wa kumwaga mbegu ndio wa kukaa juu yake, na tochi yenye mwanga mkali pamoja na debe vinatosha kuwainua. Mpunga ukishakomaa, adui mkubwa si bata. Ni kwelea kwelea, ambaye ni ndege mdogo wa mbegu na wala hahusiani na bata. Nimeona watu wakiwarushia bata lawama za kwelea kwelea, na hapo ndipo haja ya kutambua ndege inapokuwa na faida ya fedha. Baada ya mavuno, waache bata waingie kwenye mabua: wanakula punje zilizoanguka, mbegu za magugu na konokono, na hawakudhuru chochote.

Usiweke sumu, hata ukiwa na hasira. Bunyala, magharibi ya Kenya, watu walichanganya dawa ya wadudu yenye carbofuran na chambo kwenye mashamba ya mpunga ili kuwaua korongo na ndege wengine wa majini, kisha nyama ikauzwa na kuliwa. Sumu hiyo hiyo hushuka kwenye maji ya kunywa, kwenye samaki, na kwenye tumbo la mtoto aliyelishwa kitoweo asichojua kilikufaje. Ukiuziwa bata mwitu ambaye hana alama ya risasi wala mtego, usimnunue.

Upo wakati mmoja ambao bata hawezi kukukimbia. Tofauti na ndege wengi wanaobadili manyoya machache machache, bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, na kwa wiki tatu hadi saba kutegemea na aina, hawezi kuruka kabisa. Hujificha kwenye matete akisubiri. Vijana na mbwa wanaweza kumaliza kundi zima kwa asubuhi moja wakati huo, na najua limefanyika. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni, bata wakiwemo. Lakini nisingependa utegemee sheria peke yake. Waambie vijana wa kwenu kwamba ndege asiyeruka leo ndiye mzazi wa mwakani.

Ukikuta bata kadhaa wamekufa pamoja bila sababu unayoiona, usiwaguse kwa mikono mitupu, wala usiwapelekee mbwa au nguruwe. Mpe taarifa afisa mifugo wa kata. Bata mwitu wanaweza kubeba homa ya mafua ya ndege bila wao wenyewe kuugua, ndiyo maana bata na kuku wa nyumbani wasinyweshwe kwenye bwawa wanamolala bata mwitu.

Maisha ya ndege hawa yanategemea maji kubaki bondeni kwa kipindi chake. Vijito vikielekezwa vyote mashambani miezi ya kiangazi, mabwawa ya mwisho hukauka Oktoba, wakati ule ule ambapo ndege wote wamebaki hapo. Kamati za watumiaji maji zina nafasi ya kuamua kijito gani kiachiwe kitiririke hadi mtoni, na mjumbe anayejua bwawa lipi lina bata mdogo wa yungiyungi ana hoja ya kuweka mezani. Ndiyo sababu daftari lako lina thamani kuliko unavyodhani. Andika tarehe, saa, jina la bwawa, aina na idadi, na uandike pia "hakuna" pale ulipokwenda usione kitu, kwa sababu hiyo nayo ni habari. Wasiokuwa na uhakika wa aina waandike walichokiona: "wima, mluzi, uso mweupe, 60 hivi."

Kila Januari nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini kwa mpango unaoratibiwa na Wetlands International, ulioanza mwaka 1967. Idadi ya Kilombero haiwezi kukamilishwa na watafiti wachache wanaokuja na gari kwa siku mbili. Chagua bwawa moja lililo karibu nawe, lihesabu kila mwezi asubuhi ile ile ya mwezi, na ikifika Januari wapelekee takwimu zako maofisa wa wanyamapori wa wilaya. Mwalimu anaweza kulifanya na wanafunzi wake, mvuvi anaweza kulifanya akiwa njiani kwenda kutega, na mkulima anaweza kulifanya kutoka juu ya dungu lake.